Ukungu kwenye Dola ya Alma

"Shoga, huyo mzee wako siku hizi kawa mwizi," Bernadine alisema juu ya uzio, huku akikung'uta theluji kwenye kapeti lake. "Kila sarafu ya dola ya fedha anayopelekewa, eti ina ukungu! Yaani mji mzima wa Butte hauna tena dola yenye kioo? Anazikandia ili azinunue yeye kwa bei ya chini."

Tessa akamhamishia mtoto wake Wade kiuno cha pili. "Mzee Halvor hajawahi kununua dola aliyoipima mwenyewe, Bernadine."

"Basi ana mwenzake. Ile ya mama yangu niliikuta sandukuni, haijaguswa tangu sijazaliwa. Kaigeuza mara mbili tu, kasema ukungu. Nikawauzia watu wa tanuri la kuyeyushia fedha, pamoja na vijiko. Imeshayeyuka, na mama ananinunia huko kaburini."

Tessa alitaka kucheka, ikashindikana. Aliingia ndani, akafunga mkate wa nyama na viazi kwenye taulo, akavuka kwenda kwa mzee kama afanyavyo kila mchana tangu Alma, mke wa mzee, afariki.

Halvor alikuwa dirishani na taa imewashwa, ingawa jua lilikuwa limejaa chumbani. Gazeti lilikuwa limetandazwa mezani. Tessa alikwisha kuizoea kazi ile: mzee huisimamisha dola juu ya gazeti, ameishika pembeni kwa vidole viwili asiiguse uso, kisha huirudisha nyuma kidogo kidogo huku akizitazama herufi ndani yake. Zikisomeka wazi hata dola ikiwa mbali na maandishi, hicho ni kioo, na bei yake huwa kubwa. Zikififia mapema, huo ni ukungu, ni dola kama nyingine. Tena sharti pande zote mbili, upande wa kichwa na upande wa ndege tai.

"Ukungu," Halvor alisema, akaiweka dola ya mtu upande. "Watu wanazisugua kwa vitambaa, mwanangu. Wanadhani wanazing'arisha, kumbe wanaziua."

"Zote, mzee?"

"Zote. Sijui watu wameingiwa na nini."

Tessa akaona taa imesogezwa hadi karibu iguse paji lake la uso. Akaona pia kwamba gazeti lile lilikuwa la wiki iliyopita.

Rafuni kulikuwa na kisanduku cha dola ya Alma. Halvor alimchumbia kwa dola hiyo, maana pete hakuwa nayo, na alikuwa akisema hajaona kioo kama kile maisha yake yote. Tessa alikifungua polepole, akaitoa kama alivyofundishwa, pembeni kwa vidole viwili. Kama mzee ni mwizi, ataijua dola yake. Hakutaka kufikiria lile lingine.

"Na hii je?"

Halvor aliisimamisha juu ya gazeti. Akaisogeza. Akaigeuza upande wa tai. Akashusha pumzi.

"Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mwambie mwenyewe asijisumbue."

Wade akajinyoosha kutoka kiunoni mwa mama yake, akaicheka dola, na ndani yake Tessa akaviona vijino viwili vya mwanawe, vyeupe, wazi kabisa.

"Mzee," alisema, "hiyo ni ya Alma."

Kidole gumba cha Halvor kilitembea ukingoni mwa dola, taratibu, mpaka kikafika kwenye kibonyeo kidogo cha siku Alma alipoiangusha kwenye ngazi za kanisa. Kikasimama pale.

"Nisomee," alisema hatimaye.

Tessa akainama. Herufi zilikuwa zimepinduka, lakini hakuna hata moja iliyopotea. "Bei ya majani ya ng'ombe… imepanda… baada ya baridi…"

"Isogeze mbali."

Akaisogeza. "Baada ya baridi ya mapema."

"Mbali zaidi."

"Bado naona, mzee."

"Basi inatosha." Alikuwa amelitazama dirisha, na Tessa hakujua analiona au halioni. "Nilidhani ni wao, kumbe ni macho yangu. Msimu mzima huu nimewatukana watu moyoni kwa vitambaa vyao." Akaichukua tena dola ya Alma. "Ile ya Bernadine. Mwambie airudishe, niitazame… uitazame wewe."

Tessa alimbana Wade kifuani. "Alishaiuza, mzee. Imeyeyushwa."

Mzee akapapasa mezani, akaigonga taa, akaizima. Hakikubadilika kitu usoni pake.

"Ananiita mwizi?"

"Ndivyo anavyosema, mzee."

"Heri ningekuwa mwizi. Mwizi angeweza kuirudisha." Akamnyooshea Tessa dola ya Alma airudishe kisandukuni, mkono wake ukielekea pembeni kidogo ya pale aliposimama. "Nenda kamwite Bernadine, mwanangu. Na akija, usiondoke. Kaa hapa na mtoto, uniambie uso wake ukoje nitakapomweleza."