Majina 212 Yanayotafuta Ukuta Ngomeni Rüfenegg

Harusi ni saa nane mchana, lakini moto umewashwa tangu juzi. Regula Aeschlimann anapanda ngazi za mawe akiwa na tita la kuni begani, anapiga goti mbele ya jiko la vigae la ukumbi wa juu, anasukuma vipande vitatu ndani na kukifunga kimlango cha chuma kwa ncha ya kiatu.

"Ukuta huu una unene wa karibu mita tatu," anasema. "Ukiwasha leo, joto utalipata kesho kutwa. Maharusi hawajui. Wanadhani ngome imepata joto kwa mapenzi yao."

Regula ana miaka 58, na kwa miaka kumi na saba amekuwa mtunzaji wa ngome ya Rüfenegg, mali ya kijiji chetu hapa jimboni Bern, Uswisi. Ameajiriwa kwa siku tatu kwa wiki lakini anafanya kazi siku sita. Anafagia, anazibua mabomba, anapanga viti, anawakemea wapiga picha wanaoparamia kuta. Mwaka jana zilifungwa harusi 46.

Ngome hiyo ilijengwa na mabwana wa vita miaka mia nane iliyopita. Baadaye wakuu wa Bern wakaitwaa na kuweka maliwali wa kukusanya zaka na kuhukumu wezi wa kuku. Kila liwali alipoondoka aliacha ngao ya ukoo wake imechorwa kwenye ukuta wa ukumbi wa juu. Ziko kumi na tisa, na kila bibi harusi hupigwa picha chini yake.

Kati ya liwali wa mwisho na bibi harusi wa kwanza kuna zaidi ya miaka mia ambayo kijitabu cha wageni kinaitaja kwa sentensi moja. Ngome ilikuwa nyumba ya maskini. Wajane, walevi, wagonjwa na watoto wasio na baba walifungiwa humu mpaka mwaka 1958. Ukumbi wa harusi ulikuwa bweni la vitanda 28.

Kitanda kimoja, karibu na dirisha la pili, kilikuwa cha mama yake Regula. Bethli aliletwa akiwa na miaka mitano, kosa lake kuzaliwa nje ya ndoa, akatoka na miaka kumi na minne kwenda kulisha nguruwe wa watu. Leo ana miaka 89 na anaishi katika nyumba ya wazee kule bondeni. Hajakanyaga ngomeni tena.

"Nilipomwambia nimepata kazi huku alicheka," anasema Regula. "Akasema, 'Haya makubwa! Mimi nilihangaika kutoka, wewe unaandika barua ya kuomba kuingia!'"

Miaka minne iliyopita, akisafisha kabati la ofisi ya kijiji, Regula alikuta daftari la nyumba ya maskini. Lina majina 212. Alimpelekea mama yake, naye akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema jambo moja tu.

"Liwali alikaa pale miaka sita, ana ngao. Mimi nilikaa tisa."

Basi Regula akapeleka ombi: ubao wa mwaloni wenye majina yote, utundikwe ukuta ulio mtupu, mkabala na ngao. Bethli aliahidi kwamba siku jina lake litakapokuwa ukutani, atapandishwa kwa kiti aende kuliona.

Ombi lilijadiliwa Novemba, katika mkutano wa kijiji, kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Fedha haikuwa hoja, maana seremala alijitolea. Hoja ilikuwa harusi. "Watu wanakuja kuoana, hawaji kuomboleza," alisema mkulima mmoja. "Yaliyopita si ndwele."

"Kama si ndwele," Regula akamjibu, "mbona ngao za maliwali tunazipaka rangi upya kila baada ya miaka kumi?"

Watu walicheka, na wengine wakapiga makofi. Kisha ikafika saa ya kunyoosha mikono, na hapo Regula akafanya jambo ambalo mtu wa huku tu angelifanya. Alisimama, akatangaza kwamba mama yake yumo katika majina hayo, kwa hiyo ana maslahi, akatoka nje. Hakuna aliyemzuia. Sote tuliona ni adabu, hata mimi niliyekuwa kiti cha nyuma.

"Nilisimama pale zinapoegeshwa baiskeli, baridi inanikata masikio," anasema. "Nikaligeuzia dirisha mgongo, maana nilihisi hata kuona ni kama kupiga kura."

Mikono ilihesabiwa mara mbili. Waliokubali 64, waliokataa 64. Kura zikilingana mwenyekiti ndiye huamua, na Ueli Gfeller, mtu mwoga wa lawama, aliamua mambo yabaki yalivyo.

Asubuhi yake karani wa kijiji alimpigia Regula simu. Kanuni ya kutoka nje inawahusu madiwani wakiwa kwenye baraza lao. Mwananchi katika mkutano wa kijiji hatakiwi kutoka, hata kama jambo linamgusa vipi.

Regula angeweza kukata rufaa. Hakutaka. "Hakuna aliyenifukuza," anasema. "Miguu ni yangu." Ameandika ombi jipya, neno kwa neno, kwa mkutano wa Juni, na amekwisha kumwambia Gfeller kwamba atakaa safu ya kwanza.

Kazi ngumu ilikuwa kwenda bondeni kumweleza mama. Bethli alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya blanketi.

"Mimi nilikaa mle miaka tisa, mlango umefungwa," akasema. "Wewe mwanangu, dakika kumi tu zimekushinda kukaa?"