Kipimo cha Tatu Bado Kinasema Maji

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ni fundi wa vipimo vya mafuriko. Mimi shule niliiacha mapema, ila kazi yake alinieleza nikaelewa. Mtoni kuna vipimo saba, kila kimoja kwenye nguzo yake, vinatuma habari ofisini kwa redio. Sasa kimoja kikiharibika, au buibui akahamia ndani na familia yake, kisiwatie watu kiwewe bure. Kwa hiyo aliweka kanuni: king'ora kilie vinne vikikubaliana.

"Wengi wape, Mjomba," aliniambia.

Cha tatu alikifunga mdogo wake wa kiume, mbali kule juu penye kona ya mto, maana nguzo aliyoelekezwa ilikuwa na nyuki. Pale maji hupita kwanza, na mara nyingi huishia mashambani. Kikawa kinapiga kelele peke yake, vingine kimya. Wakakibandika jina, Mwongo.

Siku ya mafuriko, saa nne asubuhi, kijana huyo alikuwa chini ya daraja anasugua tope kwenye kipimo cha sita. Ofisini Mwongo akaandika kwenye skrini: maji. Dada mtu akacheka, akaendelea na chai. Vilipotimia vinne, zilikuwa zimepita dakika tisa. King'ora kikalia vizuri kabisa, kama alivyokipanga.

Kijana tulimzika. Mwongo alisombwa na nguzo yake, hatukumwona tena.

Ila bado anaandika. Zinapita wiki mbili, kisha: maji. Ofisini wanasema kimefukiwa kwenye tope mahali, betri haijafa. Huenda. Mpwa wangu hufunga viatu, akaenda darajani, akachungulia, akarudi.

Juzi nilipita kumsalimia, miguu yangu haijui kutulia, nikamkuta mkuu wake anamtaka akifute kipimo hicho, kisha asaini kanuni ileile kwa mto mwingine. Hakusaini. Akaandika upya kwa mkono: kimoja kikisema, kengele ilie darajani, walio chini watoke, vinne vikisema, ndipo mji mzima.

Mkuu akasema watu watachoka kupanda na kushuka bure.

"Wachoke," akajibu. "Aliyechoka anarudi nyumbani."

Mkuu alikuwa bado anaizungusha kalamu skrini ilipoandika: maji. Hakucheka mtu. Mkuu akatia sahihi, mpwa wangu akainama kufunga viatu, nami nikachukua fimbo yangu.

Chini ya daraja palikuwa pakavu. Akamwita mdogo wake taratibu, kama unavyomwita mtoto aje kula. Tukangoja dakika tisa, tukarudi.