Kibisi wa Bwawa la Yaya Mapendo

Nilivuka mpaka kutoka Bukavu kwenda Rwanda kwa sababu ilisemekana dada yangu mkubwa, Yaya Mapendo, amechanganyikiwa. Tangu mumewe afariki anaishi peke yake Mururu, wilayani Rusizi, kando ya bwawa la samaki aliloachiwa. Jirani alimpigia simu kaka yetu Bukavu: Mapendo anasema kuna ndege anayechomoa manyoya yake na kuwalisha wanawe, anayezama majini na watoto mgongoni, na ambaye kiota chake kinahama. Kaka akaniambia, "Enda umulete. Ile bwawa tutaiuzisha." Nikafunga kibanda changu cha ushonaji.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mpakani Rusizi ya Kwanza, katikati ya kina mama wenye mabeseni ya nyanya vichwani. Afisa aliniuliza ninakwenda kufanya nini. "Kumchukua mgonjwa," nikasema, na neno lile likanikaa vibaya mdomoni, maana mgonjwa mwenyewe nilikuwa sijamwona.

Kutoka Kamembe, mji wa ng'ambo, nilipanda pikipiki hadi Mururu. Yaya nilimkuta uani akichambua maharage. Uwanja umefagiwa, nguo zimeanikwa, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Nilitafuta wazimu, nisiuone.

"Mudogo yangu! Njo kwanza uone kandege. Chai itangoja."

Bwawani palikuwa na ndege mmoja mdogo, mnene, shingo yake rangi ya kutu, mkia kama hana. Huyo ndiye kibisi. Nikamnyooshea kidole, akatoweka bila kurusha hata tone. Nikangoja. Akaibuka upande mwingine kabisa.

"Ni yule yule?"

"Hapana. Huyu ni bibi yake, ule ni bwana."

"Na yule wa kwanza?"

"Ameingia."

"Wapi?"

"Ndani ya maji, mudogo yangu. Wapi kwingine?"

Nikamuuliza watoto wa ndege wako wapi. "Batoto iko ku mugongo," akasema. Mimi niliona manyoya tu, na moyo ukanishuka. Halafu katikati ya mabawa kikachomoza kichwa chenye mistari, kisha kingine, kisha cha tatu. Mama yao akazama. Wawili wakabaki wakielea kama vizibo, wa tatu akaenda naye chini.

Kiota kilikuwa rundo la majani yaliyooza, likielea kwenye matete. "Mbele kilikuwa kule," Yaya akasema. "Mvua ilipandisha maji, kikakatika, kikakuja hapa." Niliingia majini hadi magotini, nikafunua majani. Chini yake mayai mawili, ya kahawia kama yaliyooshwa kwa chai, yana joto.

"Rudisha!" Yaya akapiga kelele. "Anafunikaga juu mwizi asione!"

Nikayafunika. Niliporudi ukingoni, nikamwona kibisi akichomoa unyoya kifuani na kumpa mtoto, naye akaumeza.

"Kwa nini anafanya vile?"

"Sijamuuliza," Yaya akajibu.

Saa nane nilimpigia kaka. "Yaya hana wazimu. Yote ni kweli."

"Hata manyoya?"

"Hata manyoya." Nilikuwa na hasira na majirani wote wa Mururu.

Tukakaa kula ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Yaya akanisogezea sahani, akaniuliza kwa sauti ya kila siku, "Na Mama, umemuacha muzima?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mama gani, Yaya?"

"Mama yetu. Magoti ingali inamusumbua?"

Mama tulimzika zamani, na Yaya ndiye aliyemwosha. Nikajibu, "Inamusumbua kidogo," na hadi leo sijui kama nilimdanganya au nilimtuliza.

Jioni nilikwenda kwa Maman Furaha, jirani aliyepiga ile simu. Nikamuuliza kama Yaya humtaja mama yetu.

"Kila siku," akasema. "Ananiambiaga Mama yake atakuja. Sisi tulizani angali hai."

Kesho yake nilivuka kurudi Bukavu peke yangu. Kaka alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Sasa ni mugonjwa ao si mugonjwa?"

"Ya ndege ni kweli," nikamwambia. "Ya Mama ndiyo si kweli."

Alikaa chini. Bwawa hatukuliuza. Wiki ile ile nilihamishia cherehani yangu Mururu, na sasa ninashona barazani kwa Yaya.

Nilichojifunza ni kwamba maneno yake ya ajabu ndiyo yaliyotushtua sote, na ya kawaida, yaliyobeba ugonjwa, tuliyaacha yapite kama salamu. Bado anamuulizia Mama. Siku nyingine namwambia ukweli, analia kama ndiyo kwanza asikie. Siku nyingine nasema Mama anamsalimu. Lipi ni jema, sijui. Ila siku hizi, akiniuliza, nasimamisha cherehani kwanza, namtazama usoni, ndipo najibu.