Siku mume aliposema kweli kwenye meza ya poka

Jumamosi mchana, katika kasino moja hapa Bukavu, niliona watu wakiacha vinywaji vyao na kukimbilia meza ya poka. Mchezo wenyewe hauna kikomo: ukitaka, unasukuma jetoni zako zote, vile vidonge vinavyosimama badala ya pesa, kwa mara moja, na mwenzako achague kukufuata au kutupa karata. Wengine walikuwa wamekwisha kutupa. Walibaki wawili tu, mume na mke, wafanyabiashara wa mtaa wa Nyalukemba.

Mume akasukuma zote kwa mikono miwili, kisha akamwinamia mkewe.

"Maman, tupa karata. Niko na karata ya nguvu. Leo nakuambia ukweli."

Mke akamtazama usoni, akacheka. "Wewe? Ukweli? Nafuata!"

Akasukuma zake zote, akabwaga dame mbili, zile karata za malkia. Pamoja na dame moja iliyokuwa kati ya karata za wote mezani, zikawa tatu. Tukapiga kelele. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanda juu ya kiti.

Mume akafunua saba mbili, polepole. Mezani zilikuwapo nyingine mbili. Saba nne, zinapiga dame tatu! Ukumbi ukalipuka.

Nilidhani yule mama atakasirika. Badala yake akashika mashavu, macho yakimng'aa.

"Mungu wangu, kumbe unajuaka kusema kweli! Basi ile siku ulilala kule Sange, ati gari iliharibika, nayo ilikuwa kweli?"

Mume akaanza kupanga jetoni zake kwa rangi.

"Maman," akasema bila kuinua macho, "tucheze kwanza."

Sijawahi kuona mshindi mwenye haraka namna ile ya kugawiwa karata nyingine.