Programu ya Bure na Kilio cha Wifi

Mama Taa alikuwa na miaka kumi na minne kwenye kazi ya kuwasha na kuzima taa za jukwaa, na siku mtambo wake ulipokufa alikaa chini akashika tama kama mtu aliyefiwa. Mtambo wenyewe ulikuwa sanduku la bati lenye vishikio ishirini na vinne vya kusukuma juu na chini, kila kimoja kina kipande cha plasta kilichoandikwa kwa mkono wake: "mlango", "kitanda", "uso wa wifi". Jumatatu asubuhi ulitoa moshi, ukanuka, basi.

Mwongozaji wa kikundi, mtu wa haraka asiyemaliza hata chai yake, akaja akachungulia.

"Mchezo ni Jumamosi mchana," akasema. "Kuna jamaa wa kukodi, wana mitambo yao ya taa inayoendeshwa kwa kompyuta, na watu wao. Nimewaita Alhamisi saa nne waje kuuona ukumbi."

"Na mimi?"

"Wewe utatusaidia kukata tiketi mlangoni, mama."

Hilo la tiketi hakulikubali. "Nipe mpaka hiyo Alhamisi," akasema. "Kompyuta hata mimi naweza."

Ukweli ni kwamba kompyuta aliijua kwa kutazamia picha za harusi tu. Lakini ofisi ya ukumbi ilikuwa na laptopu kuukuu, na fundi redio wa jirani alimwazima kiboksi cha kuunganisha kompyuta na taa, akamwambia programu za kuendeshea taa zimejaa mtandaoni, za bure, achague mwenyewe.

"Za bure kweli, au za bure halafu ulipe?"

"Zote zipo," fundi akasema. "Soma kabla hujabonyeza."

Akasoma, akapakua tatu. Ya kwanza ilitaka kompyuta yenye misuli. Laptopu ikavuma kama mashine ya kusaga, ikazimika. Ya pili, lo, ilikuwa mrembo hasa. Inakuonyesha jukwaa zima kwenye kioo cha kompyuta, rangi zinabadilika, na kazi yako ni kuipangia muda tu: dakika ya tano washa hii, dakika ya sita zima ile, wewe umekaa unakula karanga. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imekaa kama fomu ya kuombea kitambulisho, ina kitufe kimoja kikubwa cha kwenda hatua inayofuata. Hata hakumaliza kuiangalia. Akamchukua mrembo.

Jumanne nzima alikaa mazoezini na saa mkononi, anawapima waigizaji kama wakimbiaji. Kuingia mlangoni, sekunde nane. Ugomvi, dakika mbili. Kilio cha wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye mwigizaji mkuu na watu walikuwa wanakuja kumwona akilia, dakika moja na nusu. Akaandika yote, akaiambia kompyuta.

Jumatano mwongozaji akakaa mbele kutazama. Mambo yakaenda kama maji mpaka kwenye kilio. Wifi akapiga magoti, akalia, akakolea. Dakika moja na nusu ikafika, giza totoro. Sauti ikaendelea humo gizani, "Mwanangu mimi," kisha ikakatika.

"Wifi," ikasema, "umenizika nikiwa naongea?"

"Wewe umezidisha. Jana ulilia dakika moja na nusu, nimeandika hapa."

"Jana nilikuwa na njaa. Leo nimekula."

Waigizaji wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwongozaji hakucheka. "Kesho saa nne," akasema, akatoka.

Taa za ukumbi zilipowashwa, wifi akapanda ngazi mpaka kibanda cha taa, machozi ya kazi bado mashavuni.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unajuaje kama nimemaliza?"

"Bega lako la kushoto. Likishuka, umemaliza."

"Sasa hiyo mashine yako inalionaje bega langu?"

Mama Taa akamtazama yule mrembo kwenye kioo. Mrembo alijua kila kitu isipokuwa kumngoja mtu. Akaifunga, akafungua ile ya kijivu, na mawifi wawili wakakaa pale mpaka jioni, mmoja anasoma karatasi za mchezo, mwingine anabonyeza. Hatua thelathini na moja, na dakika hakuna hata moja.

Alhamisi jamaa wa kukodi wakaja wawili, fulana sare, wakakaa nyuma na mwongozaji. Wifi akapiga magoti, na siku hiyo akafanya makusudi. Akalia, akanyamaza, akavuta pumzi mpaka jamaa mmoja akainua mikono apige makofi, halafu akaanza upya. Kidole cha Mama Taa kilikuwa juu ya kitufe, hakishuki. Bega likashuka. Akabonyeza. Mwanga ukanywea taratibu, ukabaki usoni tu, ukaisha.

Jamaa akageuka kuelekea kibandani. "Mama, hiyo ni programu gani?"

"Ya bure. Sura haina, lakini inangoja."

Mwongozaji akawasindikiza wageni, akarudi peke yake. Akasimama chini ya kibanda, mikono mfukoni.

"Itabidi nitafute mtu wa tiketi," akasema.

"Tafuta mapema," Mama Taa akajibu bila kuinua macho. Alikuwa anaongeza hatua ya thelathini na mbili, maana wifi ameshatangaza kwamba Jumamosi atalia mara mbili.