Toleo Ambalo Mkwe Wangu Hakutaka Kuliacha

Siku hiyo nilishindwa hata kula kwa hasira. Mke wangu alikuwa kwenye simu sebuleni kwetu Kanyenye, baba yake akiongea kutoka Bukene, nami nimekaa pembeni nasubiri kuletewa maneno. Kwao mkwe hajibizani na mkwewe wala hamkazii macho. Kumkatalia jambo ndiyo kabisa.

Mimi naandika nyongeza ya hifadhidata, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutunza ramani. Naitoa bure, na msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote. Sharti langu nimeliweka ukurasa wa kwanza wa maelezo yake: kila toleo nalihudumia miaka miwili, baada ya hapo hamia jipya. Niko peke yangu, na nina kazi nyingine inayonilisha.

Mkwe wangu ni mwenyekiti wa wafuga nyuki wa kwao. Kwa nyongeza yangu wanajua kila mzinga umetundikwa wapi porini. Muda wa toleo lake ulikwisha. Nilimwandikia, nikamtuma mke wangu, nikamtuma shemeji. Jibu likawa lile lile: mbona inafanya kazi? Kisha wakanunua kompyuta mpya, wakaweka hifadhidata mpya, na nyongeza ya zamani wakaipachika humo kwa nguvu. Ramani ikavurugika. Watu wakazunguka porini wakikuta miti mitupu, na msimu wa kurina asali unaisha. Sasa anataka nimtengenezee toleo lile lile la zamani!

"Mwambie nimeshalifunga," nilimwambia mke wangu, kwa sauti ya juu, makusudi.

Mzee akasikia. Akaomba nipewe simu.

"Nilipokupa binti yangu," alisema, "nilikuandikia mwisho wa kukusaidia?"

Iliniuma, maana bati za nyumba yetu alizinunua yeye. Iliniudhi zaidi, maana bati hazihusiani na ramani.

Kesho yake nikapanda treni na hasira zangu. Toleo la zamani sikuligusa. Nilihamishia mizinga yote kwenye jipya, mmoja mmoja, yeye amekaa nyuma yangu. Warinaji wakaenda porini, wakarudi na ndoo zimejaa.

"Sasa hii itadumu?" akaniuliza.

Mkwe mwenye adabu angeinamisha kichwa na kusema, Mungu akipenda, baba. Mimi niligeuka, nikamtazama machoni, nikamtajia mwezi na mwaka.