Mbuzi Akizaa Mapacha Si Ugonjwa

Ugonjwa wangu madaktari huuita baipola. Sisi nyumbani Kumsenga tunauita kupanda na kushuka, maana ndivyo ulivyo. Nikishuka sishiki sindano, silali wala siamki, nipo tu kama gunia la mihogo. Nikipanda, Mungu awaepushe. Mwaka mmoja nilipanda hadi nikajikuta Manyovu, mpakani, nawaahidi madereva wa malori vyumba kwenye hoteli yangu. Hoteli yenyewe haikuwepo. Dereva mmoja alitaka chumba chenye dirisha la kutazama Burundi, nikamkubalia, tena nikamwambia chai ya asubuhi ni bure.

Baada ya hapo nilipewa dawa za nguvu. Zilinituliza, sitazisingizia, ila zilinituliza pamoja na mikono. Mimi ni fundi cherehani. Kutunga uzi kwenye sindano ikawa kazi ya asubuhi nzima, huku udenda unanichuruzika juu ya kitambaa cha mteja. Wateja wangu wana adabu, walikuwa wanatazama pembeni, kisha kesho yake wanakwenda kwa fundi mwingine. Kwa hiyo watafiti walipokuja hospitali ya mjini Kibondo kutafuta watu wa kujaribu dawa za baipola, nilinyoosha mkono kabla hawajamaliza kujitambulisha.

Walitueleza vizuri. Kila mtu angepata dawa, lakini dawa zenyewe zingetofautiana, na asingejua mgonjwa wala anayempima kwamba huyu anameza ipi. Wanafanya hivyo ili mtu asijione amepona kwa sababu tu anatamani kupona. Mimi nilielewa. Kazi ilikuwa kuwaeleza majirani.

"Daktari hajui dawa anayokupa?"

"Hajui."

"Na wewe?"

"Sijui."

"Sasa nani anajua?"

"Yupo mtu Dar es Salaam."

Walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja akasema hata ramli ina utaratibu kuliko huo. Mama yangu peke yake ndiye aliyeipenda habari hiyo. Alisema yule mganga tuliyemwendea kule Mabamba alijua kila kitu, na kuku wetu wote akawala yeye.

Basi nikameza. Dawa hiyo, iwayo yoyote, ilinikaa mwilini. Nililala kama watu, nikaamka kama watu, na vidole vyangu vikanirudia. Nilishona sare za shule, nikashona na gauni la bibi harusi lenye vifungo vidogo mgongo mzima, na kila kifungo nilikitia mwenyewe. Ila kulikuwa na sharti. Kila baada ya wiki mbili nilipimwa damu na kuulizwa maswali, na majibu yakionyesha nimepanda, natolewa kwenye utafiti, narudi kwenye dawa za nguvu na udenda wangu. Sharti hilo lilinifanya niogope furaha. Redioni wakisema kichekesho nikacheka, najiuliza: hiki ni kicheko au ni ugonjwa?

Sasa mbuzi wangu naye akachagua kuzaa siku ya kupimwa. Mapacha, wote majike. Nani angenuna?

Siku hiyo mtafiti alikuwa anakuja nyumbani, maana walitaka kumuuliza na ndugu wa mgonjwa. Alikuwa binti wa Dar es Salaam, mpole, mwenye viatu vyeupe na haraka zake. Gari lao likakwama kwenye tope, nikaenda kumpokea, tukaja kwa miguu.

Sisi Waha hatumpiti mtu kama mnavyopita nguzo ya umeme. Ukikutana na mtu unasimama. Unasema *mwakeye*, unapiga makofi taratibu, kwa mkubwa unapiga na magoti, unauliza nyumba, watoto, shamba, mifugo, na yeye anakuuliza vilevile. Ikawa kila tunayekutana naye tunasimama, na kila tukifika kwenye mifugo, je, nifiche? Nikasema mapacha. Tukasonga kidogo, tukasimama tena, mapacha. Binti alitabasamu mwanzoni. Baadaye akatazama saa. Halafu nikamwona anatoa kishikwambi chake, anabonyeza kimya kimya.

Maswali yao nilikuwa nimeyakariri. Je, anaongea kuliko kawaida? Je, anawachangamkia watu ovyo? Je, anarudia jambo lilelile? Nikajipima kimoyomoyo nikaona nimefeli yote.

Nikakata shauri kubana mdomo. Tukakutana na bibi mmoja jirani yetu, amejitwika ndizi. Nikasema, "Shikamoo, bibi," nikapita, kama wanavyopita watu wa mjini.

"Marahaba," akasema. Akasimama. "Basi?"

"Basi, bibi. Tuna haraka."

Akautua mzigo wake chini. Akanitazama usoni, na kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde akasema, "Mwanangu, imeanza tena?"

Nikisalimia, mgonjwa. Nisiposalimia, mgonjwa. Ningeweza kucheka, lakini kicheko nacho kilikuwa kwenye maswali.

Tukafika nyumbani. Mama akampokea binti kwa salamu ndefu, naye, namsifu, alipiga makofi na kuinama hadi mwisho. Akaketi, akafungua kishikwambi. "Bibi, kwa wiki hizi mbili, mwanao, mama huyu, anaongea kuliko kawaida yake?"

Miaka yote mambo ni hayo. Mimi nimeketi pale pale, anayeulizwa ni mama. Analala? Anakula? Amepanda? Kama sufuria inayouzwa, mwenye sufuria anaulizwa kama inavuja. Na mama alikuwa akijibu, tena mara nyingi alikuwa sahihi; ndiye aliyenifuata Manyovu. Siku hiyo neno lake moja lilitosha kuninyang'anya vidole vyangu. Na kusema kweli, hata mimi sikuwa na hakika. Furaha ilikuwa imenijaa kifuani toka alfajiri, na zamani pia ilikuwa inaanza hivyo hivyo.

Mama akanitazama, kisha akamgeukia binti.

"Muulize mwenyewe," akasema.

"Bibi, utaratibu unataka ndugu aseme."

"Mimi ni ndugu, na nimeshasema. Muulize mwenyewe. Atakachosema ndicho na mimi nasema."

Binti akanigeukia. Nikatafakari kwanza, bila haraka. Nikamwambia nimelala usiku wote. Nimemaliza kazi niliyoianza jana, sijaanza nyingine. Nimefurahi sana, na nadhani ni furaha tu.

Aliniuliza mengine mengi, nikayajibu moja moja. Kisha akasema dawa inabaki ile ile, tuonane baada ya wiki mbili.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Niliporudi nikapita nyuma ya jiko, nikaegemea ukuta, nikalia kwa sauti kama mtoto. Mama alikuwa ndani, anachambua maharage, na alinisikia. Hakuja kutazama kama nimeanza kushuka.